Majuma ya Kwanza ya Mjumbe Kijana: Ziegenbalg katika Nchi ya Watamil



Somo la mwezi huu lahusu majuma machache tu katika maisha ya mtu mmoja. Tukisimulia habari za wajumbe wa Injili, desturi yetu ni kuhesabu makanisa waliyoyajenga na watu waliowabatiza. Siku zile za kwanza twazipita mbio, siku ambazo mgeni amekwisha kushuka chomboni, wala hajapata nyumba, wala rafiki, wala neno moja la lugha ya wenyeji. Nami nilizipita vivyo hivyo kwa muda mrefu, hata niliposoma habari za Bartholomäus Ziegenbalg, mmoja wa wajumbe wawili wa kwanza wa Kilutheri waliofika Bara Hindi. Basi na tukae naye kidogo katika siku zile.

Ziegenbalg alizaliwa mwaka 1682 katika mji mdogo wa Pulsnitz, nchi ya Saksonia, Ujerumani. Wazazi wake wote wawili walikufa angali mtoto. Husimuliwa kwamba mama yake, alipokuwa karibu kufa, aliwaita watoto wake akawaambia kuwa amewawekea hazina kubwa. Nao walipouliza i wapi, akawaelekeza kwenye Biblia yake, ambayo alikuwa ameisoma kwa machozi. Kijana akakua, mwenye akili nyingi na mwili dhaifu. Tumbo lilimsumbua, na huzuni ilimjia mara kwa mara; hata alipokwenda kusoma Halle, kwa August Hermann Francke, masomo yake yalikatizwa na ugonjwa. Mtu wa namna hii akiletwa mbele ya wazee wetu wa kanisa ili wampime kwa safari ya mbali, nadhani wangemwambia arudi nyumbani akapumzike.

Wakati ule mfalme wa Udenmarki, Frederik IV, alikuwa na kipande kidogo cha nchi katika pwani ya mashariki ya Bara Hindi, yaani mji wa Tranquebar. Watamil wenyewe huuita Tarangambadi, na jina hilo hufasiriwa kuwa mahali pa mawimbi yaimbayo. Wadenmarki walipata ruhusa ya kukaa pale mwaka 1620 kwa mapatano na mtawala wa Thanjavur, wakajenga ngome iitwayo Dansborg, na Kampuni yao ikafanya biashara. Miaka zaidi ya 80 ikapita. Walikuwa na wachungaji wa kuwahudumia wao wenyewe, lakini kwa wenyeji hakutumwa mtu. Mfalme alipotaka kutuma, mhubiri wake, Franz Julius Lütkens, alitafuta watu Udenmarki asiwapate, ndipo akaandika kwa rafiki zake Ujerumani, nao wakampelekea Ziegenbalg na mwenziwe Heinrich Plütschau. Walipopimwa Copenhagen mara ya kwanza waliambiwa hawafai. Mfalme akaamuru wapimwe tena, wakakubaliwa, wakawekewa mikono. Mwishoni mwa Novemba 1705 wakapanda merikebu iitwayo Sophia Hedwig. Safari ikachukua miezi saba na zaidi, kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, maana mfereji wa Suez ulikuwa haujachimbwa.

Tarehe 9 Julai 1706 wakashuka. Ziegenbalg alikuwa na umri wa miaka 24 hivi.

Tranquebar haukuwa na bandari ya kusitiri vyombo. Merikebu zilitia nanga mbali, na watu wakaletwa pwani kwa mashua katikati ya mawimbi yavunjikayo kwa kishindo. Wawili hawa walivuka salama, wakakanyaga mchanga wenye joto, nao bila shaka walidhani kwamba shida kubwa imekwisha kupita. Walikuwa na barua ya mfalme mkononi. Walikuwa wanakwenda kwa watu wa mfalme huyo huyo, Wakristo, Walutheri, wenye kusali kwa katekisimo ile ile. Walakini walipofika hawakuruhusiwa kuingia. Wakakalishwa nje wakingoja, tangu asubuhi hata alasiri.

Mwishowe akaja mkuu wa ngome, Johann Sigismund Hassius, pamoja na wakubwa wengine. Akawauliza kwa ukali wamekuja kutafuta nini, na nani aliyewatuma. Wakamwonyesha barua. Barua haikumlainisha. Akawajibu kwamba yeye hana kazi ya kuwapa, kisha akaondoka na watu wake kuelekea mjini. Na wale vijana, kwa kuwa hawakujua la kufanya, wakawafuata nyuma. Wakafika uwanja wa soko. Pale kila mmoja wa wale wakubwa akashika njia ya nyumbani kwake, hata wakabaki wawili peke yao, wamesimama katikati ya mji wasioujua, na jua linakuchwa. Walikumbuka kwamba Bwana wao naye alikosa mahali pa kujilaza. Baadaye mwandishi mmoja wa liwali akawahurumia, akawapeleka kwa wakwe zake, wakapata kulala.

Hapo nakuomba, msomaji, usimame kidogo. Sisi tumezoea kufikiri kwamba mjumbe wa Injili aendapo ugenini, upinzani utatoka kwa wenyeji wasioamini. Huyu alipingwa kwanza na watu wa kanisa lake, na siku ile ile aliyofika. Wahindu wa Tranquebar walikuwa hawajamtendea neno lo lote, jema wala baya. Hawakujua hata kama amekuja.

Tena si haki kumsimulia Hassius kama mtu asiye na sababu. Alikuwa na askari wachache katika ngome ndogo, katikati ya nchi ya mfalme mwingine, na maisha ya Kampuni yalitegemea amani na wafanya biashara Wahindu. Mahubiri yakileta ghasia, ni yeye atakayeulizwa. Wakubwa wa Kampuni hawakupenda kwamba mfalme aliwatuma watu hawa juu ya vichwa vyao. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo watu hawakulisema kwa sauti: Wazungu wa mji ule walikuwa na watumwa. Mtumwa akisha kubatizwa, ataketi wapi kanisani? Bwana wake atamwitaje? Mtu mwenye faida katika utumwa ana sababu ya kumwogopa mwalimu wa katekisimo.

Basi wale wawili wakakaa. Baada ya muda wakapata nyumba karibu na ukuta wa mji, katikati ya watu waliosema Kireno. Na nyumba hii, ingawa haikuwa mahali pa heshima kwa Wazungu, ilikuwa shule yao ya kwanza. Maana katika pwani zile, tangu siku za Wareno, Kireno kilikuwa lugha ya watu wa makabila mbalimbali kukutana sokoni na bandarini, kama Kiswahili kilivyokuwa kwetu katika njia za misafara. Wakaanza kujifunza Kireno kwa bidii. Walakini Ziegenbalg aliona upesi kwamba Kireno kitamfikisha mlangoni tu. Wanawake waliopita na mitungi, wavuvi, wakulima wa mpunga nje ya ukuta, hao wote walisema Kitamil, na hapakuwa na kitabu cha kumfundisha Mzungu lugha hiyo. Wachungaji wa ngome hawakuijua. Wafanya biashara walijua ya kutosha kununua na kuuza.

Ndipo wakamwendea mzee mmoja Mtamil, mwalimu wa watoto. Wakamwomba aihamishie shule yake nyumbani kwao. Mzee akakubali, akaja na watoto wake wote. Watoto wakaketi sakafuni, mchanga umetandazwa mbele yao, kila mmoja akiandika herufi kwa kidole na kuitamka kwa sauti, kisha akifuta na kuanza tena, kama walivyofanya watoto wengi wa kwetu chini ya mwembe kabla ya kupata vibao. Na kando yao wakaketi wanaume wawili waliosoma Kilatini, Kiyunani na Kiebrania, waliowekewa mikono kwa amri ya mfalme. Nao wakaandika mchangani.

Nadhani watoto walicheka. Hakuna mtoto awaye yote ambaye angejizuia asicheke.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Herufi za Kitamil ni 247 kwa jumla: irabu 12, konsonanti 18, maumbo 216 yatokanayo na kuunganisha hizo mbili, na moja zaidi isimamayo peke yake. Zimo sauti ambazo sikio la Mjerumani halizitofautishi, kama vile mgeni kwetu ashindwavyo kutenganisha “ng’oa” na “ngoa.” Ziegenbalg akazishika herufi upesi. Lakini likatokea tatizo ambalo mtu asiyewahi kujifunza lugha kwa njia hii hawezi kulifikiri: mzee hakujua Kireno. Kijana akaweza kusoma kurasa kwa sauti, na kila neno likatoka sawasawa, asijue hata moja maana yake. Watu wangapi katika makanisa yetu wamewahi kusoma hivyo? Mimi nimesikia somo la Jumapili likisomwa hivyo, tena kwa lugha ya msomaji mwenyewe.

Wakamtafuta mtu wa pili. Jina lake huandikwa Aleppa. Huyu alikuwa amepata kuwa mkalimani mkuu wa Kampuni, na pamoja na Kitamil alijua Kireno, Kidenmarki, Kijerumani na Kiholanzi. Akawa mwalimu wao. Hapo mlango ukafunguka: herufi zikapata maneno, maneno yakapata maana. Wakagawana kazi, Plütschau akashika Kireno, Ziegenbalg akashika Kitamil. Wala haukwisha mwaka kabla Ziegenbalg hajaweza kusema na watu kwa lugha yao.

Napenda tumkumbuke Aleppa, na yule mzee mwalimu pia. Hawakuwa Wakristo. Hawakuwa na sababu ya kutazamia mema kutoka kwa vijana wawili waliochukiwa na liwali, tena Aleppa alipata taabu baadaye kwa ajili ya kuwasaidia. Vitabu vingi huandika kwamba Ziegenbalg alijifunza Kitamil. Ni vichache viandikavyo kwamba alifundishwa.

Sasa tuangalie lililotokea ndani ya kijana mwenyewe, maana hapo ndipo somo letu linapogeuka. Baadaye aliungama kwa maandishi kwamba alipofika alikuwa na mawazo yale yale ya Wazungu wengi: kwamba lugha ya watu hawa haina kanuni, na kwamba maisha yao hayana utaratibu. Ndivyo alivyofikiri pale sokoni siku ya kwanza. Lakini alipokwisha kujua kusoma, akaanza kutafuta vitabu. Vitabu vya Watamil vilikuwa vya majani ya mvumo, yaliyochorwa herufi kwa kalamu ya chuma na kufungwa pamoja kwa kamba. Akavinunua, akavinakilisha, akaketi na wazee waliovijua wamweleze mashairi na mifano yake. Mwaka 1708, yaani miaka miwili tu baada ya kuandika mchangani, alitunga orodha ya vitabu alivyovikusanya, na vya Watamil vilikuwa 119, kila kimoja akieleza habari zake. Humo mlikuwa na mafundisho ya mwenendo mwema, na uganga, na sheria, na nyimbo za kusifu miungu yao. Akakiri kwamba alikuwa amewadhania vibaya.

Je, aliacha kuhubiri Injili kwa sababu hiyo? La. Alihubiri mpaka kufa, naye hakuona miungu ya nchi ile kuwa kweli. Bali aliona kwamba mtu hawezi kumjibu mwenziwe kabla ya kusikia asemayo. Wapo waliomlaumu. Alipotunga kitabu kirefu juu ya miungu ya Watamil, mwaka 1713, akakipeleka Halle ili kichapwe, wakubwa wake hawakukitaka, wakisema kwamba hakutumwa kueneza habari za namna hiyo. Kitabu kikakaa bila kuchapwa hata mwaka 1867, na siku hizi wataalamu wachunguzao dini za Wahindu hukisoma kwa shukrani. Nami nawaelewa wale wakubwa, lakini naona walikosa.

Aliposikia asemayo mwenziwe, alisikia na jambo lisilopendeza. Watamil walimwambia wazi kwamba hawana hamu ya dini ya Wakristo, kwa kuwa wamewatazama Wakristo wa ngomeni tangu siku nyingi: walevi, wenye kugombana, wenye kudanganya, wasiojali usafi. Kama hiyo ndiyo njia ya mbinguni, walisema, afadhali wabaki na yao. Ziegenbalg hakuwa na la kujibu, maana aliwaona Wakristo hao kwa macho yake mwenyewe, naye alikuwa amesimama mbele ya lango lao kutwa nzima.

Kabla mwaka 1706 haujaisha alikuwa amekwisha kuandika barua kwenda Ulaya akieleza mambo hayo. Barua zake zikachapwa Berlin mwaka 1708, na kwa Kiingereza London mwaka 1709. Mwaka 1712, katika kijiji kimoja cha Uingereza, mama mmoja aitwaye Susanna Wesley akasoma habari za wajumbe wa Tranquebar, ukaguswa moyo wake, akaazimu kuketi na kila mmoja wa watoto wake faraghani kila juma na kusema naye juu ya roho yake. Wawili wa watoto hao walikuwa John na Charles Wesley. Barua ya mgeni mwenye tumbo linalouma, aliyeandika usiku kwa taa, ilikwenda mbali kuliko yeye.

Mwezi wa Mei 1707 watu wa kwanza wakabatizwa katika Tranquebar. Walikuwa watano, nao walikuwa watumwa wa Wadenmarki. Katika mwezi wa Agosti mwaka ule ule kanisa dogo likawekwa wakfu, likaitwa Yerusalemu Mpya. Wenye nguo za Kizungu walikuwa na kanisa lao la Sayuni tangu mwaka 1701, na la pili hili lilikuwa la hao wengine. Hassius alikuwa ameogopa jambo hilo tangu mwanzo, wala hofu yake haikuisha. Mwaka 1708 alimkamata Ziegenbalg akamfunga ngomeni muda wa miezi minne.

Yaliyofuata nayataja kwa kifupi, maana yajulikana. Agano Jipya kwa Kitamil lilikwisha kuchapwa mwaka 1715, kwa mashine iliyoletwa kutoka Ulaya. Sarufi ya Kitamil ikachapwa Halle mwaka 1716. Katika Agano la Kale alifika kitabu cha Ruthu. Kanisa kubwa la Yerusalemu Mpya likawekwa wakfu mwaka 1718, nalo lingaliko hata leo. Tarehe 23 Februari 1719 akafa, umri wake miaka 36, akazikwa humo kanisani.

Kwetu sisi habari hii haiko mbali kama ionekanavyo. Chama cha Misioni cha Leipzig, kilichowatuma wajumbe Kilimanjaro mwaka 1893, kilikuwa kimekwisha kuirithi kazi ya Tranquebar tangu miaka ya 1840. Na Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg, alipofika Mombasa mwaka 1844, alianza vivyo hivyo: aliketi na wenyeji wamfundishe Kiswahili, na mwaka ule ule, ambao alimzika mkewe na mtoto wake, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo.

Walimu na wazee wa kanisa watakaposoma somo hili mkutanoni, na waulizane maneno mawili haya, wala wasiyajibu upesi. Siku hizi mitaa yetu ina watu waliohamia kutoka kila upande: wafugaji, wavuvi, wachimba madini, wakimbizi waliovuka mpaka. Ni nani katika mtaa wetu asemaye lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aijuaye? Na ni nani kati yetu awezaye kwenda kwake juma hili, si kwa kuhubiri, bali kumwomba amfundishe maneno kumi?